Nenosiri Lililohifadhiwa kwenye Kompyuta: Nani Mwingine Anaweza Kulisoma?

Msimu wa kutuma maombi ya basari unapofika, saiba nyingi mjini hujaa tangu asubuhi. Mzazi huketi kando ya mhudumu akiwa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto na barua ya shule. Anahitaji kufungua barua pepe yake, kwa hivyo anaandika anwani na nenosiri. Hapo kisanduku kidogo huchomoza kwenye skrini kikiuliza kama nenosiri hilo lihifadhiwe. Foleni ni ndefu. Mhudumu anabofya kitufe cha kukubali ili kisanduku kiondoke, fomu inatumwa, malipo yanafanywa, na mzazi anashika njia kwenda nyumbani.

Nenosiri lake limebaki kwenye ile kompyuta. Atakayeketi kwenye kiti hicho kesho, au wiki ijayo, anaweza kuifungua barua pepe hiyo bila kujua hata herufi moja ya nenosiri. Mara nyingi anaweza pia kulisoma lote, herufi kwa herufi.

Somo hili linaeleza jinsi kompyuta inavyohifadhi manenosiri, kwa nini mahali hapo si salama kama wengi wanavyodhani, na hatua ambazo mkazi, mwenye saiba na viongozi wa vikundi wanaweza kuchukua bila gharama.

Kwa nini programu hulazimika kulijua nenosiri

Tovuti iliyojengwa vizuri haiweki nenosiri la mteja wake. Huweka alama inayotokana na nenosiri hilo kwa hesabu isiyoweza kurudishwa nyuma, kama vile unga usivyoweza kurudi kuwa punje za mahindi. Mtu anapotaka kuingia, tovuti husaga tena alichoandika, kisha hulinganisha unga na unga. Vikilingana, mlango hufunguliwa.

Programu iliyo kwenye kompyuta haiwezi kufanya hivyo. Kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti kama vile Chrome, Firefox au Edge, kikiahidi kumjazia mtu nenosiri, ni lazima kiwe nalo zima. Unga hautoshi, ni lazima kiwe na mahindi yenyewe. Ndivyo ilivyo pia kwa programu za barua pepe na za kutuma faili.

Jambo hilo lina matokeo ambayo kila mtumiaji anapaswa kuyajua. Ikiwa programu inaweza kulisoma nenosiri bila kumwuliza mwenyewe chochote, basi programu nyingine inayotumika ndani ya akaunti hiyo hiyo ya kompyuta inaweza kufuata njia ile ile na kulisoma. Ni sawa na mtu anayefunga mlango kwa kufuli kisha anaacha ufunguo chini ya jiwe hapo hapo kibarazani. Kufuli ni zima, lakini anayejua mahali pa jiwe haitaji kulivunja.

Ngazi nne za kuhifadhi

Programu hazilingani katika uangalifu wake. Kuna ngazi nne.

Ngazi ya kwanza ni maandishi wazi. Programu ya gumzo iitwayo Pidgin, iliyotumiwa sana kwenye kompyuta za mezani, iliweka manenosiri katika faili iitwayo accounts.xml bila kuyafunga kwa namna yoyote. Aliyeifungua faili hiyo kwa programu ya kawaida ya kuandikia aliyasoma kama anavyosoma barua. Watengenezaji wake hawakulificha jambo hilo. Walieleza kwamba kuifunga faili na kuacha ufunguo kando yake kungempa mtumiaji imani isiyo na msingi.

Ngazi ya pili ni maandishi yaliyogeuzwa sura. FileZilla, programu inayotumiwa na watengenezaji wa tovuti kutuma faili, kwa miaka mingi iliyaweka manenosiri wazi katika faili iitwayo sitemanager.xml. Baadaye ikayaandika kwa mtindo uitwao base64. Kwa mtindo huo neno "Kahawa" huandikwa "S2FoYXdh". Mtu asiyejua huliona kama fumbo, lakini base64 si kufuli. Ni namna tu ya kuandika, na yeyote anaweza kulirudisha neno hilo katika sura yake ya kwanza kwa sekunde moja. Mwaka wa 2017, katika toleo la 3.26, FileZilla iliongeza nafasi ya kuweka nenosiri kuu. Asiyeliweka bado anabaki katika ngazi hii ya pili.

Ngazi ya tatu ni kufungwa kwa ufunguo ambao kompyuta yenyewe inao. Hapa ndipo vilipo vivinjari vingi. Chrome na Edge kwenye Windows huyafunga manenosiri, na ufunguo wake hulindwa na akaunti ya Windows ya mtumiaji. Kinga hii ina faida ya kweli. Mtu mwenye akaunti nyingine kwenye kompyuta hiyo hawezi kuyasoma kwa urahisi, wala mwizi aliyechomoa diski na kuipeleka kwake, mradi nenosiri la Windows si jepesi la kukisia. Lakini aliye ndani ya akaunti tayari, kinga hii haimzuii sana. Firefox pia iko katika ngazi hii ikiwa mwenyewe hajaweka nenosiri kuu, kwa kuwa ufunguo hukaa kwenye folda moja na manenosiri.

Mwaka wa 2013 kulikuwa na mjadala mkali kuhusu jambo hili. Watumiaji waligundua kwamba yeyote aliyekaa mbele ya Chrome iliyo wazi aliweza kuingia kwenye mipangilio, kubofya kitufe cha kuonyesha, na kuyaona manenosiri yote. Wasimamizi wa usalama wa Chrome walijibu kwamba mtu akishaingia katika akaunti ya kompyuta, vizuizi vya ziada havisaidii kitu. Wengi hawakuridhika, na baadaye Chrome ilianza kudai nenosiri la kompyuta kabla ya kuonyesha. Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Kizuizi kidogo humzuia jirani mdadisi, ingawa hakimzuii mwizi mwenye ujuzi.

Ngazi ya nne ni kufungwa kwa ufunguo ulio kichwani mwa mwenyewe. Firefox na programu ya barua pepe ya Thunderbird zina nafasi ya nenosiri kuu, ambalo huulizwa kabla ya manenosiri mengine kufunguliwa. Programu maalumu za kutunzia manenosiri, kama KeePass na Bitwarden, zimejengwa juu ya msingi huo. Faili ikiibwa ikiwa imefungwa, mwizi hupata kitu asichoweza kukisoma, ikiwa nenosiri kuu ni refu. Ngazi hii nayo ina masharti yake: nenosiri kuu likisahaulika hakuna wa kulirudisha, na wakati sanduku limefunguliwa yaliyomo yanaweza kuchukuliwa.

Wezi wasiohitaji kuketi kwenye kiti

Hatari haiko saiba peke yake. Kuna programu hasidi zilizotengenezwa kwa kazi moja tu: kuingia kwenye kompyuta, kukusanya manenosiri yaliyohifadhiwa na vivinjari, kuyatuma kwa mwenyewe, na kunyamaza. Mojawapo ni RedLine. Mnamo Oktoba 2024 polisi wa Uholanzi, wakishirikiana na Marekani na nchi nyingine, walivunja mitambo iliyokuwa ikiendesha RedLine na nyingine iitwayo META. Kuna nyingine zinazoendelea. Mara nyingi hujificha ndani ya michezo na programu za kulipiwa ambazo mtu huzipata bure, au katika kiambatisho cha barua pepe kinachofanana na ankara.

Mfano unaweza kuonyesha uzito wake. Kikundi cha kina mama kina kipakatalishi kimoja chenye akaunti moja isiyo na nenosiri. Mwekahazina amehifadhi humo nenosiri la barua pepe ya kikundi na la tovuti ya sacco, kwa sababu ni marefu na hataki kuyaandika kila Jumamosi ya mkutano. Siku moja mtoto wa mwanachama anakiazima kwa ajili ya kazi ya shule. Rafiki yake anamletea mchezo kwenye flashi, anauweka, anacheza, anaufuta. Kipakatalishi kinarudishwa kikiwa kizima na kisafi.

Ndani ya dakika zile chache programu hasidi iliyokuwa kwenye mchezo imeshayatuma manenosiri mbali. Mwizi anaanza na barua pepe. Kupitia hiyo anaomba sacco imtumie kiungo cha kubadilisha nenosiri, na kiungo kinafika mikononi mwake. Mtoto hakukusudia ubaya. Mwekahazina hakumwambia mtu siri. Hata hivyo, siku ya mkutano yeye ndiye atakayeulizwa pesa ziko wapi, na atakosa la kujibu, kwa sababu kumbukumbu zinaonyesha nenosiri sahihi ndilo lililotumika.

Watengenezaji wa vivinjari wanajaribu kuuziba ufa huu. Mwaka wa 2024 Chrome ya Windows ilianza kuufunga ufunguo kwa namna inayoitambua programu inayouomba, ikianzia na vidakuzi, yaani alama zinazomweka mtu ndani ya tovuti bila kuingia upya. Kinga hiyo inawaongezea wezi kazi, lakini haifai kuchukuliwa kuwa ukuta kamili.

Tahadhari maalumu: kuingia kwenye kivinjari chenyewe

Kuna tofauti kati ya kufungua Gmail ndani ya Chrome na kuingia kwenye Chrome yenyewe kwa akaunti ya Google. Anayeingia kwenye Chrome na kukubali usawazishaji huiambia kompyuta hiyo ilete vitu vyake vyote: alamisho, historia na manenosiri aliyoyahifadhi hata kwenye simu yake. Mkazi aliyekuja saiba kuchapisha barua moja anaweza kuondoka akiwa ameacha nyuma nenosiri la barua pepe, la eCitizen, la iTax na la benki, ingawa hakuandika hata moja kati ya hayo siku hiyo. Kisanduku kinachouliza kuhusu usawazishaji kwenye kompyuta ya watu kikataliwe daima.

Hatua kwa mkazi anayetumia saiba

Kwanza, amwombe mhudumu dirisha la faragha, ambalo Chrome huliita Incognito, au hali ya mgeni. Dirisha hilo likifungwa, halibaki na manenosiri wala vidakuzi vya mtumiaji. Halizuii, hata hivyo, programu hasidi inayorekodi kila kitufe kinachobonyezwa, kwa hivyo shughuli za benki ni bora zifanyiwe kwenye simu yake mwenyewe.

Pili, kisanduku cha kuhifadhi nenosiri kikichomoza, akikatae yeye mwenyewe. Asiache mhudumu amjibie, na asione haya kusema, "Ngoja kwanza nisome."

Tatu, akimaliza, atoke kwenye kila akaunti aliyoifungua, afunge dirisha, na afute faili zake alizopakua.

Nne, aweke uthibitishaji wa hatua mbili kwenye barua pepe yake, ili nenosiri peke yake lisitoshe kuifungua kwenye kifaa kigeni.

Tano, nambari ya siri ya M-PESA isiandikwe kwenye kompyuta ya mtu yeyote, na isihifadhiwe kwenye faili.

Hatua kwa nyumba, ofisi na vikundi

Kila anayetumia kompyuta awe na akaunti yake ya Windows yenye nenosiri lake. Hatua hii moja huipa kinga ya ngazi ya tatu maana, kwa sababu kinga hiyo hutenganisha akaunti na akaunti. Haitenganishi mtu na mtu ndani ya akaunti moja. Watoto wapewe akaunti isiyo na mamlaka ya kuweka programu.

Anayeinuka kwenye kiti, hata kwenda kuchukua chai, afunge skrini. Kwenye Windows inatosha kubonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi L.

Anayetumia Firefox au Thunderbird aweke nenosiri kuu. Mwenye manenosiri mengi atumie programu maalumu ya kuyatunza. Nenosiri kuu liwe refu, kwa mfano maneno manne au matano yasiyohusiana, na lisiwe linatumika mahali pengine popote.

Faili ya Word au Excel iliyoandikwa manenosiri yote na kuwekwa kwenye eneo-kazi la kompyuta iondolewe. Hiyo ni ngazi ya kwanza iliyojengwa kwa mkono. Kwa mzee asiyependa programu mpya, daftari lililofungiwa kwenye sanduku nyumbani ni salama zaidi, kwa kuwa mwizi wa mtandaoni hawezi kulifikia.

Kompyuta ikiuzwa, ikitolewa au ikipelekwa kwa fundi, manenosiri yaliyohifadhiwa yaondolewe kwanza, na inayouzwa ifutwe kabisa. Kompyuta inayobebwa ifungwe diski nzima, kwa BitLocker kwenye matoleo ya Windows yaliyo nayo au FileVault kwenye Mac, ili ikiibwa hata faili za ngazi ya kwanza zisisomeke.

Hatua kwa wenye saiba

Mwenye saiba akizima uwezo wa kuhifadhi manenosiri katika mipangilio ya kila kivinjari, amewalinda wateja wake wote kwa kazi ya dakika chache. Ni vyema pia aweke hali ya mgeni, azime ruhusa ya wateja kuweka programu kutoka kwenye flashi, na kila jioni afungue orodha ya manenosiri ya kila kompyuta ahakikishe iko tupu. Akikuta ya mteja, ayafute bila kuyafungua. Biashara ya saiba hutegemea uaminifu, na tangazo dogo ukutani kwamba "Hapa hatuhifadhi manenosiri" laweza kumletea wateja zaidi.

Jinsi ya kuona kilichohifadhiwa

Kwenye Chrome, mtumiaji abofye vidoti vitatu vilivyo juu upande wa kulia, kisha aingie sehemu ya manenosiri. Kwenye Firefox, abofye mistari mitatu iliyo mahali hapo hapo, kisha achague manenosiri. Orodha ya tovuti itaonekana, na kila moja ina kitufe cha kufuta. Kwa usawazishaji, kufuta kwenye kifaa kimoja kunaweza kufuta kwenye vyote, kwa hivyo mtu ahakikishe kwanza kwamba anayo nakala mahali salama.

Kazi hii ifanyiwe kwenye kompyuta ya nyumbani leo. Wengi watashangaa kukuta nenosiri la mgeni aliyeitumia mara moja miaka iliyopita.

Siri ikishavuja

Kufuta peke yake hakutoshi, kwa sababu hakurudishi kilichokwisha kusomwa. Mfuatano ulio salama ni huu: kwa kutumia kifaa kingine kisicho na shaka, mtu abadilishe nenosiri la barua pepe kwanza, kwa kuwa viungo vya kubadilisha manenosiri mengine hufika huko. Kisha achague kutoka kwenye vifaa vyote, ili vidakuzi vilivyoibwa visifanye kazi. Baada ya hapo abadilishe ya benki, sacco, eCitizen na iTax. Mwisho, kompyuta iliyoshukiwa isafishwe kabla ya kutumiwa tena. Akiyabadilisha manenosiri kwenye kompyuta hiyo hiyo iliyoambukizwa, atakuwa amempa mwizi mapya.

Ikiwa pesa zimechukuliwa, benki au sacco ijulishwe mara moja, na ripoti iandikishwe katika kituo cha polisi kilicho karibu. Visa vya uhalifu wa mtandaoni vinaweza pia kuripotiwa kwa KE-CIRT/CC, kituo kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Sheria inasemaje

Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha. Chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka wa 2018, kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini ni kosa linaloweza kuadhibiwa kwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au yote mawili. Kulikuta nenosiri la mtu likiwa limehifadhiwa si idhini ya kulitumia.

Kwa upande wa ofisi, shule na vikundi vinavyotunza taarifa za watu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inavitaka viweke kinga zinazofaa. Taarifa zikivuja na kukawa na hatari ya kweli kwa wenyewe, Kamishna wa Data anapaswa kujulishwa ndani ya saa 72. Ofisi inayotumia akaunti moja ya kompyuta kwa watu watano itapata tabu kueleza ni nani aliyefanya nini.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini tovuti inaweza kuweka "unga" wa nenosiri lakini kivinjari hakiwezi?
2. Neno "S2FoYXdh" limefungwa kwa ufunguo, au limegeuzwa sura tu?
3. Watu wawili wanatumia akaunti moja ya Windows. Kinga ya ngazi ya tatu inamlinda nani dhidi ya mwenzake?
4. Baada ya kuvuja, ni nenosiri gani la kubadilishwa kwanza, na libadilishwe kwenye kifaa kipi?

Majibu: (1) Kivinjari hulazimika kuliandika nenosiri zima kwa niaba ya mtumiaji. (2) Limegeuzwa sura tu. (3) Haimlindi yeyote kati yao. (4) La barua pepe, kwenye kifaa kingine kisicho na shaka.

Wakazi wanahimizwa kulisoma somo hili pamoja na watoto wao na katika mikutano ya vikundi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.